Tangi la Idalina Borba

Pikapu ilianguka tena kwenye ukaguzi wa moshi. Idalina Borba aliipokea karatasi ya ukaguzi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni, akaisoma palepale mlangoni mwa gereji huku akifyonya. Moshi mchafu, mvuke wa petroli unavuja, imeshindwa. Laudalino Toste, mkaguzi, hakusema lolote. Alimwonyesha kwa kalamu mahali pa kutia sahihi, akangoja, akachukua nakala yake, akarudi kuketi kwenye kile kiti alichokichomoa kwenye gari bovu akakiweka mlangoni ili aone barabara.

Hakusema kwa sababu walikuwa hawasemeshani. Hapa mjini kwetu, kusini kidogo ya Turlock, California, penye watu wa visiwa vya Azori vya Ureno na ng'ombe wao wa maziwa, hilo halimshangazi mtu. Kuna ndugu wa tumbo moja waliozikana hawajasemeshana. Wanakaa benchi moja kanisani, wanapeana mkono wa amani kwa sababu kasisi anatazama, na wakitoka nje kila mmoja anashika njia yake. Ukishatamka mbele za watu kwamba humtaki fulani mdomoni mwako, umetamka, na fulani naye akiwa na haya zake hatakusemesha mpaka umfungulie mwenyewe.

Idalina alitamka kwenye uwanja wa ukumbi wetu wa Waazori, siku ya festa, sikukuu yetu ya Roho Mtakatifu, supu ikiwa bado mezani. Mwaka ule Laudalino alikuwa mwenyekiti wa kamati. Natércia, binti yake Idalina, alikuwa ameahidiwa kuwa malkia wa festa, yule msichana anayevaa joho refu la velveti na kubeba taji mpaka kanisani. Joho lilikuwa limeshaanza kushonwa, na Idalina vidole vilikuwa vimemwota sugu kwa kutunga shanga. Dakika za mwisho kamati ikageuza kauli, taji akapewa mpwa wa Laudalino kutoka San José, msichana ambaye hata Salamu Maria kwa Kireno hakuijua. Basi Idalina akamfuata mwenyekiti katikati ya meza, akampasha. Alimwambia ni mtu mdogo, mtoto wa mtu mdogo, na cheo kinampwaya. Akamalizia kwa maneno ambayo mji mzima ulikwenda nayo nyumbani.

"Kuanzia leo usinisemeshe neno ambalo sheria haikulazimishi. Hata ukiona naungua moto, nyamaza."

Laudalino alikuwa na kijiko mkononi. Akakitua mezani. "Vizuri, bibi," akasema, na hilo likawa la mwisho.

Enzi za uhai wa Gilberto, mumewe Idalina, hapakuwa na shida. Gilberto alipatana na kila mtu, tabia iliyomuudhi mkewe kuliko ugomvi wenyewe. Yeye ndiye aliyetia mafuta, yeye ndiye aliyepeleka magari kwa Laudalino mwaka wake ukifika, maana California gari kuukuu halipati kibandiko cha namba bila kupita ukaguzi wa moshi. Magari yalipita. Wanaume wale wawili waliegemea boneti, wakanywa kahawa, wakawasema wake zao, mambo yakaisha. Kisha asubuhi moja ya ukungu Gilberto akaanguka zizini kwenye mashine za kukamulia, akafa kabla gari la wagonjwa halijaiona njia ya kuingilia, na kila kitu kikamwangukia Idalina, magari mawili yakiwemo.

La kwanza lilikuwa gari la buluu. Gilberto alilipenda kipumbavu. Alilifuta vumbi kwa fulana zake za ndani. Mwaka wa kwanza wa ujane Idalina akalipeleka kwa Laudalino kukaguliwa, likaanguka. Akalitengeneza, likaanguka. Fundi mmoja akabadilisha hiki, mwingine akabadilisha kile, ah, wapi. Mwishowe Natércia akamwambia, mama, serikali inamlipa mtu anayekubali gari chafu lisagwe, lipeleke upumzike. Idalina alilipeleka mwenyewe mpaka kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akafungua rozari iliyoning'inia kwenye kioo, akarudishwa nyumbani na jirani. Njia nzima hakufungua mdomo, na yule jirani alitaka kumpitisha hospitali.

Sasa ilikuwa zamu ya pikapu, na pikapu Idalina hakuwa tayari kuitoa. Ndiyo iliyobaki na mkono wa Gilberto. Ubavuni ilikuwa na mbao alizozipigilia mwenyewe, za kuzuia vikapu vya mikate ya festa visimwagike, na kila mwaka mikate yote ya supu ilipanda humo. Tena huku bila gari wewe ni mfungwa. Toka kwa Idalina mpaka dukani ni mashamba ya mahindi ya ng'ombe matupu, basi halipiti. Natércia alikuwa ameshamwandalia chumba kwake San José, chenye dirisha linalotazama maegesho. Alimwambia kwa simu, kwa ule upole ambao Idalina aliuchukia, kwamba pikapu ikisagwa tu, aje. Idalina akamjibu kuwa ikisagwa ataingia kwenye mashine pamoja nayo.

Mtu wa kumlaumu alikuwa naye tayari. Kwake yeye mambo yalikuwa peupe: Laudalino anaiangusha makusudi, kwa kinyongo cha uwanja wa ukumbi. Alilisema dukani, alilisema saluni akiwa na dawa kichwani, alilisema kwenye ngazi za kanisa wakati Laudalino anashuka ngazi hizohizo. Roho mbaya ile, alisema, haijatosheka kumnyang'anya mwanangu taji, sasa inataka kuniondoa nyumbani kwangu. Watu waliitikia, wengine kwa kuamini, wengi kwa kuogopa zamu ya kusemwa isije ikawa yao. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Laudalino, kwani Laudalino hakuwa mtu wa kuulizwa.

Kwenda kwa mkaguzi wa mji mwingine kwake kungekuwa kumkimbia Laudalino, kwa hiyo kila alipokwenda kukaguliwa, Idalina alijiandaa kama anayekwenda mahakamani. Aliiosha pikapu. Alivaa hereni za dhahabu. Kisha alipita kituo cha petroli kilicho ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na gereji ya Laudalino, akatia ile petroli ya bei ya juu ili asipewe sababu. Na kutia mafuta kwa Idalina si kutia kwa watu wengine. Pampu ikikata yenyewe, sisi tunarudisha bomba mahali pake tunalipa. Idalina ndiyo kwanza anaanza. Alibinya tena, ikakata. Akabinya polepole, ikakata. Akaisukuma pikapu kwa nyonga, huku na huku, viputo vya hewa vitoke, akabinya tena, mpaka petroli ikaonekana inameremeta shingoni mwa tangi. Hapo ndipo alipofunga kifuniko na kukipiga kofi.

Alirithi kwa baba yake. Mwaka ule petroli ilipoadimika na foleni zikazunguka mitaa, mzee alimsimamisha nyuma ya gari la maziwa akamfundisha kutikisa, akamwambia anayeondoka pampu inapokata amekubali kuibiwa. Gilberto hakumruhusu kushika pampu hata siku moja. Alisema anaimwagia mafuta rangi ya gari. Gilberto alipozikwa, mkono wa Idalina ukarudia mazoea yake.

Safari hii, baada ya kupewa karatasi, hakurudi nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja mpaka Turlock kwa Ninos Badal, fundi Mwashuri ambaye hakuwa mtu wa ukumbi wetu wala hakujua habari za taji. Idalina hakutaka fundi, alitaka shahidi. Alimwambia waziwazi: aiangalie pikapu, amwandikie kwamba ni nzima na mkaguzi ni mwongo, na yeye atajua pa kulipeleka neno hilo. Badal alifungua boneti, akanusa, akakunja uso. Akafungua kopo jeusi lililojibana pembeni ya injini, akaliinamisha juu ya beseni. Petroli ikamwagika kama chai kutoka kwenye birika.

Lile, akamweleza, ni kopo la mkaa. Petroli tangini inatoa mvuke usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Mvuke huo hauruhusiwi kwenda hewani, ndio unaotuchafulia bonde hili zima, kwa hiyo unaletwa kwenye kopo, mkaa unaunyonya, na injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Mvuke tu. Mafuta yenyewe yakifika humu, mkaa umekwisha. Injini inameza petroli mbichi, moshi unakuwa mchafu, na kopo linavuja. Unaweza kulibadilisha kila mwezi, lakini kinachoyaleta mafuta kikiwa kinaendelea, unajisumbua.

"Nani anakujazia mafuta, mama?" akauliza.

"Mimi mwenyewe. Kwani sina mikono?"

"Pampu ikikata, unaacha?"

Idalina akamjibu kwamba yeye si mtu wa kuambiwa 'basi' na mashine. Badal akawa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kufuta hata ilipokuwa imeshakauka. Hakumcheka, na afadhali angemcheka. Akamwambia tangi limeachiwa nafasi juu makusudi, mvuke upate pa kukaa. Ukiijaza nafasi hiyo, mafuta yanatafuta njia, na njia iliyopo ni ya kwenda kwenye kopo. Pikapu haikuwa na ubaya wowote. Akauliza kama aliwahi kuwa na gari jingine lenye maradhi haya. Idalina akalitazama beseni. Badal, kwa nia njema kabisa, akaongeza jambo moja.

"Na mkaguzi wako hajakuambia? Hili kila mkaguzi analijua. Angekuona unajaza mara moja tu, angejua."

Idalina alisimama akimtazama, lakini hakuwa akimwona yeye. Alikuwa akikiona kiti. Kiti cha gari bovu, kilichowekwa mlangoni mwa gereji, kinachotazama barabara, na ng'ambo ya barabara kinatazama pampu. Alimwona Laudalino juu yake, mikono juu ya tumbo, mwaka huu na miaka iliyopita, na yeye mwenyewe akiisukuma pikapu kwa nyonga, amevaa hereni.

Badal alifunga kopo jipya, akapunguza mafuta tangini, akasafisha alichoweza kusafisha. Idalina alichukua lile kopo la zamani, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka kwenye kiti cha abiria. Njia nzima gari lilinuka petroli mpaka macho yakamchoma, naye hakufungua dirisha.

Laudalino alikuwa palepale. Idalina aliegesha pikapu katikati ya mlango wa gereji, akateremka, akalitoa kopo mfukoni akalitua miguuni pake kwa kishindo. Mteja mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kwenye kona akalishusha.

"Laudalino," akasema Idalina, na kwa kulitaja jina hilo alikuwa ameshavunja alichokitamka uwanjani.

Yule akainua uso.

"Ulikuwa ukiniona?"

Laudalino alilitazama kopo, akaitazama petroli inayofanya doa kwenye sementi, akamtazama yeye. Hakujifanya kutoelewa, hilo tumpe haki yake.

"Kila mara," akasema.

"Nikitikisa?"

"Ukitikisa. Na hereni zako."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia ninyamaze, bibi. Mbele ya watu. Sheria inanilazimisha nikupe karatasi, nimekupa, na hakuna hata moja niliyoidanganya. Kukufundisha kujaza tangi hainilazimishi."

Aliyasema taratibu, na ndani yake mlikuwa na utamu, utamu wa mtu aliyekaa miaka akilingoja swali hilo. Idalina aliusikia utamu ule. 

"Na gari la Gilberto?"

Hapo utamu ukamwisha. Laudalino aliinama, akaokota kitambaa chini, akakiweka tena palepale alipokitoa. Alikuwa amekunywa kahawa nyingi juu ya boneti la gari lile.

"Hilo pia," akasema.

Baadaye sote tulipoisimulia habari hii tulisema Idalina alipiga kelele zilizosikika mpaka kanisani, maana ndivyo tunavyomjua. Yule mteja wa gazeti anaapa kwamba hakupiga. Alisema tu, kwa sauti ya kuagizia mkate, "Ipime pikapu." Laudalino akaipima. Magurudumu yalizunguka juu ya vyuma vya duara vya mashine, mrija wa kupimia ukiwa kwenye bomba la moshi. Kisha akafunga mpira wake kwenye shingo ya tangi, akasukuma hewa, akaangalia kama linaishika. Liliishika. Pikapu ikapita. Akamwonyesha kwa kalamu mahali pa kutia sahihi, naye akatia, akaondoka bila kuokota lile kopo.

Anayedhani alifarijika hamjui Idalina. Pikapu alikuwa nayo, San José angeitazama kwenye picha, lakini sasa alikuwa na lile gari la buluu moyoni. Alikaa jikoni na ile rozari ya kwenye kioo mbele yake, akamchukia Laudalino vizuri, kwa utulivu, kutoka unyayo mpaka kichwani. Na kila alipofika mwisho wa kumchukia, alikuta mkono wake mwenyewe umeshika pampu, unabinya. Akauchukia mkono. Mkono ulikuwa mgumu zaidi kuuchukia, chuki yake haikuwa na pa kutokea, basi akarudi kwa Laudalino. Natércia alipopiga simu na kusema, mama, ilikuwa bahati mbaya tu, Idalina alimkatia.

Festa ikafika. Pikapu ilibeba mikate kama kila mwaka, vikapu vimebanwa na mbao za Gilberto, na Idalina aliiendesha nyuma ya maandamano kichwa juu. Mchana watu wakajaa ukumbini kwenye meza ndefu. Supu ya Roho Mtakatifu hanyimwi mtu. Ndiyo kanuni yetu, na ndiyo maana ya siku yenyewe. Mlevi anakula, mpita njia anakula, adui anakula, na aliyeshika kijiko hana ruhusa ya kumruka. Idalina aliomba apewe sufuria. Aliomba meza ya karibu na jukwaa, na wanawake wa jikoni walipotazama nani amekaa kwenye meza ile, hawakumuuliza, wakamfunga aproni tu.

Alipita mtu kwa mtu. Kila mmoja alikuwa na bakuli lenye mkate na jani la mnanaa, naye alimwagia mchuzi upawa mmoja, nusu upawa wa pili, akasogea. Akafika kwa Laudalino. Laudalino alikuwa amevaa suti yake ya rangi ya maziwa, ile ya kamati. Alisogeza bakuli mbele bila kumtazama, kama mtu anayesogeza karatasi ya kutia sahihi.

Idalina akamimina. Mkate ukazama. Akamimina tena, mchuzi ukafika kwenye mdomo wa bakuli, ukatuna pale, ukasimama. Mtu yeyote angeacha. Ukumbi, ambao ulikuwa unapiga kelele za vijiko, ukaanza kunyamaza meza baada ya meza. Idalina aliisukuma meza kwa nyonga, huku na huku, viputo vikatoka kwenye mkate. Kisha akachota upawa mwingine, akamimina taratibu. Mchuzi ukavuka, ukateremka kwenye kitambaa cha meza, ukatafuta njia, ukaipata, ukaanza kudondoka kwenye suruali ya rangi ya maziwa. Laudalino hakutikisika. Idalina akachota mwingine. Ulikuwa mchuzi wa moto, wa mafuta, na uso wa mzee ulikuwa umeanza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

"Imetosha," akasema Laudalino. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Imetosha, Idalina."

Akaacha palepale. Tone la mwisho lilikuwa bado linaning'inia kwenye upawa, akaligonga lirudi ndani ya sufuria.

"Umeona?" akasema. "Ni neno moja tu. Na hujafa."

Akajifuta mkono kwenye aproni, akamsogelea mtu aliyefuata, akamuuliza kama anataka mnanaa zaidi.